Ugonjwa wa Kutozoea

Juzi sokoni Makambako walimcheka mwalimu mgeni aliyekuwa akitetemeka kwa baridi: "Hajazoea huyo." Nikamkumbuka mke wa baba mdogo, aliyeolewa kwetu Njombe enzi za Mwingereza, akitokea Lupingu, kwenye joto la ziwa. Alishinda jikoni kwenye moshi, amejifunga kaniki mbili. Bibi alisema, "Hajazoea. Atarudi kwao." Mimi nilidhani kutozoea ni ugonjwa, nikawa namkwepa.

Mchana mmoja akanidaka mlangoni. "Mwanangu, mbona unanikimbia?"

"Utaniambukiza kutozoea."

Alicheka, kicheko cha kwanza tangu aolewe, akanivuta ndani ya kaniki yake iliyonuka moshi. "Njoo basi, tuugue wote."

Hakurudi kwao. Alizaa watoto saba, akazeekea kwetu, na baridi ya Njombe hakuizoea hata siku moja.