Magdaline na Programu ya Marehemu Oloo

Magdaline Aketch alisomesha hesabu miaka mingi kabla ya kufungua ofisi ya kupiga chapa huko Kabiro, Kawangware. Marehemu mumewe, Oloo, alimwachia kompyuta na programu aliyoiandika mwenyewe ya kupanga vijitabu vya mazishi: wake kwa ngazi yao, watoto kwa nyumba zao, asisahauliwe mtu akazusha vita kaburini. Kila aliyeitaka alipewa pamoja na maandishi yake ya ndani, yaani chanzo chake, aifungue, aibadilishe, aigawe, hata aiuze, mradi naye asimfungie mwingine. Oloo aliiita programu huru.

Mwaka 1999 shemeji yake Magdaline, Dalmas, nduguye Oloo, alikuja kutoka Gatwekera, akaketi bila kukaribishwa, akichokonoa meno kwa njiti ya kiberiti. Ndiye aliyetaka kumrithi Magdaline kabla matanga hayajaisha, akakataliwa.

"Shem, kuna ofisi kubwa huko tao, katikati ya jiji, inaitaka ile programu. Lakini hilo neno 'huru' linawatisha, wanaona siasa. Siku hizi watu wanasema chanzo wazi. Leseni ni ile ile, masharti karibu yale yale."

"Kama ni yale yale, jina la kwanza lina aibu gani?"

"Wateja wanataka kazi, si mahubiri! Chanzo kikiwa wazi, wengi wanaona makosa, programu inakuwa poa. Basi."

"Na wakipata iliyofungwa inayofanya kazi vizuri zaidi?"

Dalmas alicheka. "Si watumie hiyo! Kwani iko shida?"

Kwa Oloo, programu iliyofungwa ilikuwa dhuluma, hata ingefanya kazi vizuri namna gani. Kwa huyu, uwazi ulikuwa mbinu tu ya kupata kitu bora. Ikipatikana mbinu nyingine, uwazi unatupwa.

Dalmas alitema sakafuni. "Kwenye tangazo tutaandika: Chanzo Wazi, kazi ya Oloo. Jina la braza linauza."

"Jina hilo hutalitia kwenye tangazo lako."

"Ama utaninyima na programu?"

Magdaline alitamani sana. Lakini kumnyima kungekuwa kufunga kile mumewe alichokifungua. Akanakili programu na maandishi yake yote kwenye disketi, akamsukumia kwa ncha ya kalamu ili vidole vyao visigusane.

"Aliyekupa ni Oloo, si mimi. Iite utakavyo. Lakini wakikuuliza yeye alitaka nini, waambie ukweli au unyamaze."

Dalmas akaitia mfukoni, akauliza kama hakuna chai.