Uwanja wa Gofu Uliozunguka Makaburi Yetu

Juzi nilikuwa Kibiti nasubiri gari. Nimekaa mgahawani na chai ya rangi, ndoo yangu ya kamba wakavu nimeibana kwa miguu, na televisheni ikawa inaonyesha gofu, huko kwao Uingereza. Vijana waliokuwa mle ndani wanataka mpira, wakaanza kelele. "Toa hiyo bwana! Mtu anatembea na fimbo kama kapotelewa na mbuzi!" Mwenye mgahawa hakuipata rimoti upesi, na mimi nikawa nimeshaona. Nyasi fupi, miti mikubwa imesimama mmoja mmoja kama wageni waliowahi harusini, kijito kinapinda, na njia ya majani inakata kushoto na kupotelea nyuma ya kichaka. Machozi yakanitoka. Kijana mmoja akaniona. "Mama, unalilia nyasi?" Wakacheka wote. Nikamwambia ni moshi wa jikoni. Wewe ndugu yangu nikikwambia kweli, utaona haya kwa ajili yangu kama ninavyoona mwenyewe: pale kwenye kioo nilikuwa nimepaona nyumbani.

Sikusoma sana, niliishia la nne, basi nitaeleza kama nijuavyo.

Nililelewa na bibi, mama yake baba, upande wa Chumbi, pale nchi inapoanza kushuka kwenda bondeni. Msimu wa mpunga tulihamia shambani tukaishi juu ya dungu, kibanda kilichoinuliwa kwa nguzo ili maji yakija yapite chini yasitusumbue. Kazi yangu ilikuwa kuamia ndege. Unapiga debe, unapiga ukelele, unarusha udongo, mpaka jioni sauti imekauka na mikono inanuka matope. Mpunga ukianza kukomaa bibi alikaanga ule mbichi, akautwanga, akanipa pepeta ya moto yenye harufu ya moshi, na kipande cha nazi cha kutafunia. Mpaka leo sijala kitu kikanituliza vile.

Juu kidogo ya shamba, ukingoni mwa kijito, palikuwa na kichaka cha miti mikubwa, mikwaju na mikongo, na chini yake makaburi ya watu wetu. Babu alilala pale. Ubavuni kwake bibi aliacha nafasi, akipalilia kila tulipopita, na alinionyesha kama mtu anavyomwonyesha mgeni kitanda. "Mimi hapa. Msije mkanitupa kwingine." Hilo ndilo jambo pekee nililowahi kumsikia akiliomba kwa binadamu. Mengine yote aliyapeleka kwa Mungu.

Sasa nimtaje mtu wa kulaumiwa, ili usisumbuke kumtafuta. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa baba mkubwa wangu, mtoto wa kwanza wa bibi huyo huyo. Kampuni ya wazungu ya kulima mpunga ilipofika, yeye ndiye aliyewatembeza, na yeye ndiye aliyesema wananchi wamekubali. Wananchi walikuwa juu ya madungu wanaamia ndege. Tukahamishiwa ng'ambo ya barabara, kwenye mchanga, mahali ambapo hata muhogo unaota umenuna. Bondeni yakaingia matrekta. Ile sehemu ya juu, meneja wao, Mwingereza mwenye shingo nyekundu, akaichukua kwa ajili ya nyumba yake na mchezo wake.

Jirani yetu alipata kazi ya kukata nyasi kule, na ndiye aliyetufafanulia. Meneja hakutaka pori wala hakutaka uwanja mtupu. Alitembea wiki nzima anaangalia tu. Kisha akaonyesha mti kwa mti, huu ukatwe, huu ubaki, huu ubaki na wenzake watatu, ili ukisimama barazani kwake macho yatembee mbali, yakutane na mti, yapumzike, yaendelee. Katikati nyasi zilikatwa fupi kama kichwa cha mtoto wa arobaini, pembeni zikaachwa ndefu za kumezea mipira. Akachimba mashimo akayajaza mchanga, sisi watoto tukadhani ni mitego ya nguruwe. Kijito hakukigusa. Alitaka kipinde vile vile kilivyopinda.

Na kichaka chetu hakukikata. Njia ndefu kuliko zote ilielekea moja kwa moja makaburini, halafu ikapinda kushoto, ikazunguka miti, na kile kishimo cha kutumbukizia mpira kikawa nyuma yake, hakionekani. Jirani akasema hapo ndipo ufundi wote ulipo: mwenye pupa anapiga moja kwa moja, mpira unaingia mitini unapotea. Mwenye akili anazunguka. "Yaani mzungu kaweka adabu bila kujua," akasema, na bibi akaguna.

Penye kila kishimo cha mpira palisimikwa mti mwembamba wenye kitambaa cheupe. Sasa wewe fikiria. Mahali pamefagiliwa pakawa laini, katikati kishimo, juu yake kitambaa cheupe. Kwetu sisi huo ni mzimu, mahali pa kupeleka maombi na sadaka, hauna jina jingine. Haikupita mwezi, wanawake wakaanza kupita alfajiri na shida zao. Meneja akaja na wageni wake, akaingiza mkono kutoa mpira, akatoa yai. Shimo la pili akakuta ubani. Jirani alitusimulia huku kajishika mbavu. Bibi naye aliwacheka wale wanawake bila huruma: "Mzimu gani nyinyi, unahamishwa kila wiki kama mkaa wa biashara?" Maana kweli, vile vishimo vilikuwa vinahamishwa.

Yeye hakwenda kwa vitambaa. Kila Ijumaa alishika ufagio, akavuka barabara, akakata katikati ya nyasi fupi moja kwa moja mpaka kwa mumewe, na mimi nyuma yake. Hakuzunguka. Wachezaji walishusha fimbo wakangoja. Siku moja meneja akaja na jirani wa kumtafsiria, akavua kofia, akaeleza kwamba hata kwao, zamani, mabwana wakubwa waliondoa vijiji vizima ili waone miti na majani tu kutoka madirishani, na mababu zake yeye walikuwa miongoni mwa walioondolewa. Nadhani alitaka kumfariji. Bibi akaegemea ufagio. "Mwambie pole," akasema. "Halafu mwambie, kama hayo aliyajua, basi dhambi yake inapita ya asiyejua." Jirani alikuwa na watoto sita na kazi moja. Akatafsiri kwa maneno mawili, na mzungu akatabasamu, akainamisha kichwa, akaenda zake amefurahi.

Na mimi? Mimi nilipapenda. Ndiyo maana nasema naona haya. Jioni wazungu wakiingia ndani, sisi watoto tuliohamishwa tulipenya kwenye ua wa miiba, tukabingirika kwenye kile kilima laini mpaka mbingu inazunguka. Sikuwahi kukanyaga kitu kisichochoma mguu. Jua likiwa chini, kila mti ulilaza kivuli kirefu juu ya majani, na pakawa na harufu ya nyasi zilizokatwa, tamu, kama tikiti. Mara moja nilirudi nayo kwenye gauni. Bibi akaninusa. "Pamependeza, eh?" Nikalikung'uta gauni. Akasema kwa sauti ndogo, kama mtu anayejisengenya, "Hata mimi macho yananisaliti."

Kampuni ikaondoka. Wengine walisema mpunga ulikufa, wengine walisema wakubwa waligombana. Matrekta yakabaki yanaoza. Kijiji kizima kilivuka barabara kwa vigelegele, na msimu mmoja, ndugu yangu, msimu mmoja tu, tulikuwa na dunia. Wanawake walianika mpunga pale penye vile vishimo vya mpira maana hapakuwa na sakafu nzuri kuliko ile. Mbuzi walikata nyasi bila mshahara. Harusi zilichezewa pale. Baba mkubwa akasimama mbele ya watu akasema ardhi imerudi kwa wenyewe, na makaburi yatazungushiwa ukuta. Bibi akalia kwa furaha, akanishika bega akanipeleka kuitazama nafasi yake kama bi harusi.

Hakuna ukuta uliojengwa. Kwanza iliondoka ile miti ya mmoja mmoja, ikawa mkaa na mbao. Baba mkubwa akasema ni ya mzungu, haina mwenyewe. Nusu ya wanaume wa kijiji walishika vishoka, na baba yangu mzazi alikuwamo. Kisha misumeno ya mashine ikafika kichakani. Wazee walikaa barazani wanasikia. Mwalimu wa madrasa, aliyetufundisha heshima ya maiti, alisikia naye, na naye namtaja: milango mipya ya msikiti ilitoka kwenye mikongo ile, na hakuuliza. Idi mwaka ule nyama ilikuwa nyingi. Bibi hakuigusa.

Alikwenda akakaa juu ya nafasi yake. Wakata miti walimwogopa, wakaenda kumwita mwanawe. Baba mkubwa akaja, akachuchumaa, akasema kwa upole, na upole ule ndio nisioweza kumsamehe: "Mama, watakatia mbali. Kaburi la baba hawaligusi." Akamwinua kwa mkono mpaka nyumbani. Na ni kweli, kaburi hawakuligusa. Waliangusha miti yote iliyolizunguka, wakang'oa na visiki.

Masika iliyofuata kijito kikafura. Mto nao ukapanda, maji yakakutana, wakafa watu bondeni, madungu yakaondoka na waliomo. Sisi tulipona kwa sababu tulikuwa kule kwenye mchanga tulikotupwa, na hilo nalo nimeshindwa kujua nimshukuru nani. Maji yalipopungua tulikwenda kutazama. Ule ukingo uliokuwa umeshikwa na mizizi ulikuwa umemegeka wote. Hapakuwa na kaburi la babu. Hapakuwa hata na ardhi lilipokuwa. Palikuwa na hewa, na chini yake maji ya matope yanapita taratibu kama hayajafanya kitu.

Baba mkubwa akasema, "Mama, hii ni kazi ya Mungu."

Bibi akamtazama. "Mungu hana msumeno."

Hakusema naye tena. Aliishi miaka, akala kwake inapobidi, akaitikia salamu kwa kichwa. Alipofariki tulimzika mchangani ng'ambo ya barabara, kando ya watu asiowajua, na baba mkubwa ndiye aliyeshuka mwanandani kumpokea, maana ndivyo ilivyo haki ya mtoto wa kwanza.

Ukinituma leo nikuonyeshe babu alipokuwa amelala, sina njia ila ya mzungu. Lazima nisimame kile kilima alipopigia mpira, nipime kwa macho pale nyasi ilipokuwa inapinda kushoto, niseme: hapo, hewani. Kijiji cha kabla yake nimekisahau sura. Alichotunyang'anya nilikijua kidogo. Alichokiacha ndicho nakiota, na waliokimaliza ni damu yangu. Vijana wa kule sasa hawaamini kwamba palikuwa na miti. Wananiambia, "Shangazi, wewe unatupiga fiksi."

Nikienda, naanza kwa bibi. Pale kaburini hapana hata mkorosho, na saa nne tu mchanga unaunguza kupitia kandambili. Naanza Yasini kwa nia ya kuimaliza, lakini jua linanipiga utosini, herufi zinacheza, na kila safari najikuta naruka, nafupisha, namsomea mtu aliyenilea dua kwa haraka kama mtu anayekimbia mvua. Kisha natafuta pa kupumzika. Kijiji kizima kimekaa uchi juani, isipokuwa nyumba moja yenye baraza pana na mabati. Baba mkubwa yu hai, haoni vizuri, anakaa pale kutwa. Husikia kandambili zangu akanijua.

"Mwanangu, jua hilo litakuua. Njoo kivulini."

Nami naenda nakaa.