Bi Tabu Ananunua Chombo

Mama mkwe wangu, Bi Tabu binti Kondo, amekaanga samaki Mbweni kwa miaka thelathini na moja, na mpaka mwaka jana alikuwa hajawahi kuvua hata mmoja. Mwekee samaki, tuseme changu, mezani, atakuambia amelala kwenye barafu siku ngapi, ametoka kwa mshipi au kwa wavu, na kama aliyemleta ni muongo. Lakini chomboni alikuwa hajapanda. Baba yake alikuwa mvuvi, kaka zake watatu wavuvi, na yeye kazi yake ilikuwa kusimama ufukweni na beseni.

"Nilikuwaga nawauliza, huko mnakoendaga kukoje?" aliniambia siku moja tukipara samaki. "Wananijibu, kuna maji."

Alitangaza habari yake Jumapili moja, nyumbani kwetu Bunju. Mimi na mume wangu Suleiman tulikuwa na kawaida ya kuwaita mama zetu wawili kula pamoja kila mwisho wa mwezi, na niseme ukweli, zile Jumapili zilikuwa zinanichosha. Mama yangu, Demetria, ni mwalimu mstaafu, mzaliwa wa Mbamba Bay kule Ziwa Nyasa. Yeye na Bi Tabu walikuwa na ile heshima ya kiukwe iliyopitiliza. Miaka sita wanasalimiana kwa mikono miwili. Hawaitani jina. Kila mmoja anakula vijiko vitatu mbele ya mwenzake na kusema ameshiba, halafu namkuta jikoni, kwa zamu, akikwangua ukoko.

"Mie nataka kununua chombo," Bi Tabu akasema katikati ya pilau.

Suleiman hakuinua hata kichwa. "Sufuria gani, mama?"

"Chombo cha baharini. Nivue."

Kijiko cha Suleiman kikabaki hewani. "Mama, una miaka hamsini na sita. Utavuaje?"

"Kwa mshipi."

Nilikuwa natafuta la kusema nipooze mambo, mara nikamsikia mama yangu anakohoa kidogo, kama alivyokuwa akifanya darasani kabla ya kuandika ubaoni.

"Mkwe," akasema, "kwa heshima zote, naomba twende wote. Mimi nilijua kupiga kasia kabla sijajua kusoma."

Bi Tabu akamgeukia. Akamtazama kama vile ndiyo kwanza ameletwa nyumbani. "Wallahi?"

"Kweli kabisa, mkwe."

Suleiman alijaribu wiki nzima kuwarudisha nyuma. Aliposhindwa akanunua majaketi mawili ya maboya, ya rangi ya machungwa, akanikabidhi mimi. "Nenda nao, Lusungu," akasema. "Mimi nikiona nitaugua."

Sasa shida ilikuwa hii. Bi Tabu alitaka kuvua sehemu mbili. Alitaka kuingia mikokoni, kwenye vile vijia vya maji ya chumvi vinavyojipinda katikati ya mizizi, ambako kuna kaa na kamba na maji yakipwa yanakuwa ya kifundoni. Na alitaka pia kutoka nje, kwenye ghuba, ambako changu wanakaa na mawimbi yanakuja bila kubisha hodi. Kila tuliyemwambia alituuliza tunataka kipi kati ya hivyo viwili. Bi Tabu alikuwa anajibu, "Vyote," kama mtu aliyeagiza chai na andazi.

Wa kwanza kutupata alikuwa Stanley, dalali wa vyombo kule Ununio, kijana wa miwani ya jua na simu mbili. Alikuwa na boti la faiba, jeupe, refu, mashine kubwa nyuma.

"Mama zangu, hii ni ndege," akasema. "Ukiwasha tu, uko Zanzibar."

"Mie Zanzibar siendi," Bi Tabu akamjibu. "Mie nakwenda pale." Akamwonyesha mikoko.

Stanley akacheka, akawasha, akatuingiza mikokoni kwa mwendo wa harusi. Hatukufika mbali. Panga la mashine likauma tope, boti likaguna, likasimama. Na maji yalikuwa bado yanaendelea kupwa. Stanley akaruka kusukuma, akazama mpaka mapajani, akatoka na kiatu kimoja. Ilikuwa saa tatu asubuhi. Maji yalirudi saa tisa.

Saa zote hizo tulikaa kwenye boti lililolala ubavu, katikati ya tope, na kaa wamepanga mstari wanatuangalia. Mama alivumilia mpaka saa sita, halafu akafungua mkoba wake. Mlikuwa na mihogo ya kuchemsha, nazi iliyovunjwa, na maandazi kumi na mawili.

"Mkwe, sijui kama utapenda," akasema.

Bi Tabu alikula maandazi matano. Matano, mbele ya mkwewe! Akalamba na vidole. Stanley akaomba moja, mama akamwambia akatafute kwanza kiatu. Hapo Bi Tabu akaanza kutetemeka mabega, akajifunika uso kwa mtandio, na nikajua anacheka. Mama naye akatazama pembeni, midomo ameibana. Walijizuia hivyo mpaka boti likaelea.

Iliyofuata ilikuwa ngalawa ya Talha, binamu yake Bi Tabu. Humo ndimo roho ya Bi Tabu ilimokuwa, maana baba yake alikuwa na ya aina hiyo. Tukatoka nje na upepo mzuri, tanga limejaa, zile mbao mbili za pembeni zinapiga maji na kuturushia matone usoni. Bi Tabu alipaza sauti akaimba kaswida yote, mwanzo mpaka mwisho. Nilimwona amekaa pale mbele amefumba macho, nikawaza, basi, tumemaliza, tumepata. Tuliporudi mikokoni ikawa kama watu wanaopitisha kitanda kwenye mlango mwembamba. Mbao ya kulia inanasa kwenye mizizi, unarudi nyuma, ya kushoto inanasa. Mama akatoa futi kamba ya kushonea mkobani. Akapima upenyo, akapima ngalawa.

"Upenyo mita mbili na nusu. Chombo, na mbao zake, mita nne. Mkwe, hesabu inakataa."

"Hesabu," Bi Tabu akasema, akampa mama mgongo. Siku mbili hakupokea simu ya mama.

Siku ya tatu akanipigia mimi huku akicheka, amesahau kwamba amenuna. "Mwambie mkwe wangu achague yeye sasa," akaniambia. "Tuone hesabu yake."

Mama alikuwa ameshachagua. Alikuwa amekwenda peke yake mpaka Kunduchi, akaona mtumbwi wa gogo moja, mwembamba kama ganda la muwa, uliomkumbusha kwao. Jumamosi tukaenda. Kwanza akapanda yeye. Mwalimu Demetria, mwenye miaka sitini na moja, alivua viatu, akavipanga mchangani vikatazamana vizuri, akaingia mtumbwini kwa mguu mmoja kama anapanda baiskeli, na kwa kasia mbili tatu akawa mbali. Watu pale pwani wakaacha kazi zao. Mtumbwi ulikwenda kimya, haukurusha hata tone. Akageuza, akarudi, akasimama mbele yetu bila kugusa mchanga. Watu wakampigia makofi. Sikuwahi kumwona mama yangu na uso ule. Alikuwa na miaka tisa.

"Karibu, mkwe," akasema.

Bi Tabu si mwembamba, naye anajua. Akakaza jaketi lake la machungwa, akasema bismillahi, akaingiza mguu wa kulia. Mtumbwi ukainama kumwamkia. Akaingiza wa kushoto kuusawazisha, na hapo ukapinduka wote, na mama zetu wote wawili wakapotea majini.

Maji yalikuwa ya kiunoni. Lakini kwa sekunde ile nilichoona ni mtandio wa Bi Tabu unaelea peke yake, na miwani ya mama inazama taratibu. Nikajiambia, ndoa yangu imeisha leo, Kunduchi, mchana kweupe.

Vikaibuka vichwa viwili. Bi Tabu akatema maji.

"Demetria!" akapiga kelele. Miaka sita hakuwahi kumtaja jina. "Demetria, umeniua!"

"Mimi? Wewe ndiye umenizamisha, Tabu! Umeingia kama gunia!"

Wakatazamana. Halafu ukaanza ule mcheko. Sijui niuelezeje. Bi Tabu alicheka mpaka akakosa pumzi, akamshika mama shingoni, mama akateleza, wakazama tena, wakatoka wanacheka zaidi. Mama yangu, ambaye hata harusini kwangu alitabasamu kwa kipimo, alikuwa anapiga maji kwa viganja na kulia machozi. Na wala hawakutoka. Wakaunyanyua mtumbwi, wakajaribu tena. Wakapinduka. Mara ya tatu Bi Tabu aliingia kwa kukaa kwanza, ukapinduka. Mara ya nne wavuvi walikuwa wanahesabu kwa sauti, "Moja, mbili, tatu...", na mwenye mtumbwi ameshika kichwa. Mara ya tano mimi mwenyewe niliingia majini na gauni langu, sijui kwa nini, labda kusaidia, na nikazama nao.

Ndipo akaja fundi Salumu. Ni mzee mkavu, penseli sikioni, anayechonga vyombo pale pale pwani. Tukamwamkia shikamoo, tunadondosha maji.

"Marahaba. Nyie mnataka kuvua wapi?"

"Mikokoni na nje," Bi Tabu akasema.

Yeye hakucheka. Akafikiri. "Chombo cha mikokoni kinataka tumbo bapa. Cha nje kinataka tumbo la kukata wimbi. Mkitaka kimoja cha huku na huku, mtapata kinachokosea kidogo huku na kidogo kule. Mtakivumilia?"

"Tumeshavumilia mengi," mama akasema, akimkamua Bi Tabu mtandio.

Akatupeleka nyuma ya banda lake. Kulikuwa na kichombo cha mbao, kifupi, kipana, chini bapa, mbele kimeinuka kidogo kama mtu aliyenusa pilau. Kilikuwa cha mteja aliyekikataa baada ya watu kukiita karai. Na kweli, ukikitazama kwa ubavu, kilikuwa karai.

Salumu hakusifia. Tulipokishusha majini alimwambia Bi Tabu asimame kwenye ukingo, asimame kabisa, uzito wote. Karai likainama, likainama, likafikiri, likatulia. Bi Tabu akarukaruka. Likatulia. Akahamia upande wa pili akaruka tena, na watu wakaanza kupiga makofi ya ngoma ya mdundiko, na yeye akakata kiuno pale pale na jaketi lake la maboya.

Tukaingia nalo mikokoni maji yakiwa ya ugokoni. Likapita, mama akilisukuma kwa mti mrefu. Tukatoka ghubani, hapo likaonyesha tabia. Kila wimbi lililipiga chini, pa, pa, pa, meno yanagongana, na upepo ulikuwa unalisogeza ubavu.

"Linakwenda upande kama kaa," mama akalalamika.

"Na mie nakwendaga upande," Bi Tabu akasema. "Nalichukua."

Salumu akaliongezea ubao mwembamba chini ya tumbo, wa kulishika njia, usiozuia kupita kwenye maji haba, na mahali pa kufunga mashine ndogo ya kunyanyuka. Akasema wasitoke siku ya upepo mkali, wala wasiupite mwamba ulioko mdomoni mwa ghuba. Waliahidi, na mpaka leo sijasikia wamevunja. Likaandikishwa na kupakwa rangi ya kijani. Kuhusu jina waligombana wiki mbili, mama akitaka *Uvumilivu*, Bi Tabu akitaka *Niacheni*. Limeandikwa *Niacheni*.

Siku ya kwanza ya kuvua nilikwenda nao. Bahari ilikuwa shwari, saa moja asubuhi, jua linachoma upande mmoja wa uso. Mama ameshika usukani, Bi Tabu ameshusha mshipi wenye chambo cha ngisi, ameuzungusha kwenye kidole kama alivyofundishwa. Mara nikaona kidole kinavutwa.

"Demetria," akanong'ona. "Kuna mtu."

"Usivute. Ngoja."

"Ananiita!"

"Sasa! Vuta, Tabu, vuta!"

Akavuta mikono miwili, mshipi unaanguka miguuni pake, anasoma dua na kutukana kwa pamoja, na akatoka changu. Mdogo. Si mkubwa kupita kiganja changu. Akaning'inia juani, anameta wekundu, anapiga mkia. Bi Tabu akapiga yowe ambalo nina hakika lilifika Bagamoyo. Vyombo viwili vilivyokuwa mbali vikageuza vikaja kasi, wavuvi wamesimama, wakidhani kuna mtu anazama.

"Kuna nini, mama? Nani kaanguka?"

Bi Tabu akamwinua changu wake juu kwa mikono miwili. "Nimevua!" akawaambia. Alikuwa analia, kamasi zinamtoka, hajali. "Nimevua mie!"

Wale vijana wakatazama kile kisamaki. Wakatazamana. Kisha mkubwa wao akavua kofia. "Hongera, mama," akasema, na wote wakaanza kushangilia kama timu imefunga goli, wakigonga mbao za chombo chao.

Siku hizi wanatoka Jumatatu na Alhamisi. Siku zingine Bi Tabu yuko kwenye karai lake la mafuta kama kawaida, ila ameongeza desturi moja. Samaki wa kununua wanakaa kushoto, wale wake wanakaa kulia. Mteja akigusa wa kulia anaambiwa kwanza amevuliwa wapi, saa ngapi, na alivyopigana, na hapewi mpaka asikilize mpaka mwisho. Bei ni ile ile. Foleni, ajabu, iko upande wa kulia.

Na mama amehama Tegeta. Amepanga chumba Mbweni, nyumba ya tatu kutoka kwa Bi Tabu. Nilimuuliza kwa nini, akasema ni barabara, foleni zinamchosha. Jumamosi iliyopita nilipita kumsalimia nikakuta kufuli. Jirani akanyoosha kidole kuelekea Kunduchi. "Wamekwenda kwa fundi Salumu," akasema. "Wanaulizia tanga la *Niacheni*."