Maumivu Mbele ya Mkwe

Wanaonijua pale kitengo cha dharura wanasema nina mdomo. Ninao, na sijautubia.

Mchana mmoja, hapa Tunduma, mzee kutoka Msangano alimleta mke wa mwanawe, ameshika tumbo. Mume alikuwa amevuka kwenda Zambia kibiashara. Nilimlaza kitandani nikamuuliza kama tunavyowauliza wote: kuanzia sifuri, huumwi kabisa, mpaka kumi, maumivu yasiyovumilika, yako ni ngapi? Mzee alikuwa amesimama palepale miguuni. Dada yule akatazama ukuta.

"Mbili," akasema.

Nikaandika mbili. Hilo ni kosa langu na simsukumii mtu. Mimi mwenyewe nimeolewa huku. Najua mkamwana hamtajii baba mkwe tumbo lake, wala halii mbele yake. Nilijua, na bado nikaandika.

Daktari akaisoma ile mbili, akasema asubiri, kulikuwa na majeruhi wa pikipiki. Lakini mimi macho yalibaki kwa yule dada. Alikuwa amekunja magoti, jasho limemtoka juu ya mdomo, na kila nilipomlaza chali alijiinua. Nikashika mkono, mapigo yanakimbia. Nikafunua kope, kwa ndani nyeupe.

"Baba," nikamwambia mzee, "naomba ukae pale nje kwenye benchi."

Akasita, akatoka. Sikumuuliza mgonjwa namba tena. Nilimuuliza, "Leo umeshindwa kufanya nini?"

"Kuinama, nesi. Hata kanga nimefungwa na jirani." Hapo machozi yakaja. "Nikilala linauma mpaka begani. Na siku zangu zimepitiliza. Nadhani nakufa."

Mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi ikipasuka, damu humwagika tumboni, na bega huuma. Nikarudi kwa daktari mbio.

"Umeandika mbili," akasema bila kuinua uso.

"Nimeandika alichosema mbele ya mkwe wake. Sasa njoo uone."

"Sista, kuna utaratibu."

"Utaratibu utamkuta mochwari."

Nilisema kwa sauti, chumba kizima kikasikia, na sijuti. Akaja. Akabonyeza tumbo mara moja tu, akaita watu wa upasuaji, nami nikasukuma kitanda mwenyewe.

Niliandikiwa barua ya onyo kwa lugha isiyofaa. Nimeitunza. Watu husema mficha maradhi kifo humuumbua. Siipendi methali hiyo, maana haiulizi ni nani alikuwa amesimama pale mgonjwa alipoulizwa. Tangu siku ile namtoa kila mtu nje kwanza, awe mchungaji, awe diwani, na wanaonuna wanune.

Dada alitoka upasuaji akiwa hai. Mzee akaniuliza, kwa nini hakusema?

"Kwa sababu anakuheshimu, baba."

Kesho yake mzee alikuja wodini, akaishia mlangoni, akageuza mgongo kama adabu yao inavyotaka. Nilikuwa nabadilisha dripu nikamsikia akikohoa kidogo.

"Mwanangu," akasema, "tumbo linauma?"

Dada akanitazama. Sikumsaidia.

"Linauma, baba," akajibu. "Linauma sana."