Kitambaa Kilichotiwa Bluu

Ubaya ulinianza mwaka wa 1970, nikiwa na miaka kumi na mmoja, baba alipofariki nami nikatolewa darasa la nne nikabebe miwa huko Kabras. Kusoma kwangu kuliishia hapo. Yote niliyoyajua baadaye niliyachukua kwa macho, na macho yangu sijawahi kuyaonea haya mbele ya mtu mwenye diploma.

Siku yangu ya kwanza kazini, katika studio ya picha mjini Kakamega, mwaka wa 1990, nilipewa ufagio. Msimamizi aliniambia, "Mama, hapa unafagia tu. Filamu usiguse." Nikafagia. Lakini filamu zilizokwisha oshwa zilikuwa zinatundikwa karibu na dirisha zikauke, na saa tisa mchana, mvua inapokusanyika na mji wote ukawa rangi ya majivu, mwanga ulipita ndani yake nikaona dunia nyingine. Filamu ya rangi huonyesha kila kitu kinyume. Miwa ni ya waridi, nywele za watu zinang'aa kama za mizimu, na nyuso zina samawati ya mbali, kama watu wanaokutazama kutoka chini ya maji. Hiyo ndiyo negativu. Nilisimama na ufagio wangu hadi nikasahau nilikoanzia kufagia.

Mwaka wa tatu nilihamishiwa tawi la Mumias, chini ya Fundi Mkuu, mzee wa huko huko, aliyeswali swala zake zote na bado akamaliza kazi kabla yetu. Huyo ndiye aliyenipa kazi mkononi.

"Rangi ya uso haishikiki, mama," aliniambia. "Inaenda na jua, inaenda na jasho. Tafuta kwenye picha kitu unachokijua rangi yake. Shati jeupe, sufuria, ukuta wa chokaa. Kiweke sawa, na uso utakuja wenyewe."

"Na nikikosea?"

"Muulize mwenye picha. Yeye alikuwepo. Wewe hukuwepo."

Mwaka wa 1998 nilirudishwa Kakamega kwa sababu skana ilikuwa imekuja. Skana ni mashine inayomulika negativu na kuipeleka kwenye kompyuta, kompyuta ikaigeuza iwe picha ya kawaida. Kwenye kioo kulikuwa na vidude vitatu vya kusogeza, nyekundu, kijani na bluu, na kimoja cha otomatiki, yaani mashine ijichagulie yenyewe. Meneja, kijana aliyesomea Nairobi, alikipenda hicho cha otomatiki. "Hii mashine imesoma kuliko sisi wote," alisema. Imesoma, sawa. Lakini Kabras ilikuwa haijafika.

Alhamisi moja aliingia mwanamke aitwaye Nanjala, pamoja na mama yake mdogo. Mama mzazi wa Nanjala alikuwa amefariki, mazishi ni Jumamosi. Maishani mwake alipigwa picha mara moja tu, amesimama kando ya shamba la miwa siku ya Jumapili, kitambaa cheupe kichwani. Picha yenyewe ililiwa na mchwa, ikabaki negativu. Walitaka picha kubwa ya kuweka juu ya jeneza.

"Hii ndiyo tutabaki nayo," Nanjala alisema. "Ikikosewa, tumempoteza mara ya pili."

Meneja akabonyeza otomatiki. Mashine hutazama picha nzima, na ikiona kijani kimezidi hudhani ni kosa, ikakipunguza kwa kutia wekundu. Haikujua kwamba miwa ndivyo ilivyo. Marehemu akatoka mwekundu kama tofali.

"Huyu amechomwa na jua la wapi?" mama mdogo akauliza.

Meneja alikumbuka simu ya kupiga, akatoka. Nikakaa mimi. Nilifuata nilivyofundishwa, nikakishika kile kitambaa, nikasogeza vidude mpaka kikawa cheupe kama maziwa. Miwa ikarudi kuwa miwa. Nikajisifu moyoni, nikawageuzia kioo.

Nanjala aliinama mbele ya kioo. Nje mvua ilianza.

"Ni mrembo," akasema. "Ni mama ya nani?"

Nikatazama tena. Uso ulikuwa wa manjano, rangi ya papai lililoiva.

"Dada yangu alikuwa mweusi," mama mdogo akasema. "Mweusi wa chungu cha kupikia obusuma, ugali wetu. Shemeji alimpendea huo weusi. Sasa huyu mnataka tumpeleke kwa boma ya nani?"

Nikamkumbuka Fundi Mkuu. Sikuwauliza habari ya uso. "Hiki kitambaa," nikasema, "kilikuwa cheupe hivi?"

Nanjala akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu aingie. "Hapana. Mama alikuwanga anakitia bluu ya kufulia, ile ya kung'arisha nguo nyeupe, kila Jumamosi. Na mkono wake ulikuwa mzito."

"Tulimwambia apunguze," mama mdogo akasema. "Alikataa. Kanisani walimwita Mbingu."

Hapo nikaliona kosa langu. Nilikuwa nimemfulia mtu nguo upya bila kuombwa. Nilipoitoa bluu kwenye kitambaa, niliitoa na usoni, kwa maana kidude hakichagui mahali. Nikairudisha polepole, chembe kwa chembe. Kitambaa kikawa anga la asubuhi. Miwa ikapoa. Na uso ukaanza kurudi kutoka mbali, ukitulia ndani ya weusi wake, mpaka akasimama mwanamke mmoja kwenye kile kioo, mvua ikipiga mabati, akitutazama kama watu waliochelewa kumfungulia mlango.

"Acha hapo," Nanjala akasema. "Usiguse tena."

Mama mdogo alisogea karibu. "Mulembe, dada," akasalimia, kama mtu aliyekutana naye njiani tu.

Meneja aliporudi aliuliza nilitumia kipimo gani. Nikamwambia, cha mwenye kitambaa.

Filamu zilikwisha, studio ikafungwa, nami nikastaafu. Nyinyi mnapiga picha kwa simu, na simu inawang'arisha kabla hamjaomba. Haya. Lakini mashine haijui mama yako alikuwa mweusi wa namna gani. Wewe unajua. Usinyamaze.

Leo nina nyumba ya vyumba vitatu, nyuma ya mtaa wa Amalemba. Ng'ombe mmoja na ndama wake. Kuku, sijawahesabu. Skana ile, niliachiwa studio ilipofungwa; haiwaki, nimeiwekea redio juu. Macho mawili, la kushoto lina ukungu. Na kitambaa kimoja cha kichwa, ambacho Nanjala aliniletea nguo za marehemu zilipogawanywa. Nakifua Jumamosi. Bluu natia kwa mkono mzito.