Majivu ya Magunzi Yamepata Cheti

Jumanne nilikuwa kwa fundi wa fremu hapa Kitale. Mbele yangu, mhadhiri mmoja wa chuo kikuu alilaza kwenye kaunta cheti cha hataza, kile kinachosema uvumbuzi huu ni wako na asiuige mtu. Alikipangusa kwa mkono wa shati ingawa hakikuwa na vumbi. Wivu ulinishika pale pale. Miaka yote hii ya kuandika, ukutani kwangu kuna kalenda tu.

Mama mmoja mfinyanzi kutoka Kiminini, aliyeleta picha ya ubatizo, aliinama akakisoma.

"Ati umevumbua nini, mwalimu?"

"Udongo wa jiko unaotunza joto, mama. Siri yake ni majivu ya magunzi ya mahindi."

Mama aliangalia kucha zake, zilizojaa udongo. "Si hiyo ndiyo mamangu alikuwa anachanganya? Sisi wote tunachanganya, bana."

"Lakini hakuna aliyeandikisha," mhadhiri akasema kwa upole, na upole wenyewe ukauma zaidi.

"Na yako haipasuki?"

"Moto ukizidi, inapasuka. Bado tunatafiti."

"Ni kwa sababu kabla ya kuchanganya hayo majivu, inafaa…"

Mhadhiri akatoa kalamu. Mama akaitazama ile kalamu, akafunga mdomo, akaikumbatia picha yake.

"Inafaa nini, mama?"

"Niambie kwanza, hiyo cheti inachukuliwa ofisi gani?"

Niliondoka nikimwonea wivu mama kuliko mhadhiri. Yeye ana neno moja ambalo chuo kizima kinalisubiri. Mimi yangu nayamwaga yote kwenye safu hii kila wiki.