Chui Alipigiwa Ngoma, Mpunga Ukaachwa

Wakati wa vita tulikimbia kutoka kwetu Alunguli, mtaa wa mji wa Kindu, tukajificha porini, mwendo wa siku mbili. Tulikuwa baba, mama, mimi na mdogo wangu wa kike wa miaka minne, pamoja na familia nyingine tano. Tulilima mpunga, maana hatukuwa na kingine cha kutegemea.

Kisha chui akachukua mbuzi wetu wawili. Wanaume wote waliacha mashamba, wakaenda kutega mitego. Siku zilezile mama aliona madoa ya kijivu kwenye majani ya mpunga, yamechongoka pande zote mbili. Alimwendea baba.

"Baba ya batoto, kuko ugonjwa mu mupunga. Tungoe ile sehemu, tuichome, isisambae."

"Kuko chui inje, na wewe unaogopa majani?" baba alijibu. Wenzake wakacheka.

"Chui inakula mbuzi moja, inashiba, inaenda kulala. Hii hailale."

Aliwaomba mara tatu. Mwishowe tuling'oa wawili tu, mimi na yeye, mpaka viganja vikachubuka, lakini madoa yalikwisha kututangulia.

Chui alinaswa kwenye mtego wa baba. Walipiga ngoma, wakambeba baba mabegani. Wiki chache baadaye mashuke ya mpunga yalisimama meupe, bila punje. Tulikula mizizi ya porini. Mdogo wangu hakufikia mavuno mengine.

Sasa tuko tena Alunguli. Baba amezeeka, na wageni bado wanamwomba awasimulie habari za yule chui. Katika masimulizi yake hamna mpunga, hamna mtoto. Mwaka huu madoa yaleyale yalitokea shambani kwangu, nikamwita agronomu, mtaalamu wa kilimo. Aliniambia ni kuvu, kwamba upepo ndio unaoisambaza, na kwamba kung'oa mapema mimea iliyoambukizwa kunasaidia. Nilitoka pale moja kwa moja hadi kwa baba, nikamkuta na wageni, nikasema yote mbele yao.

"Vita njo iliua mutoto," baba alisema.

"Vita ilitupeleka pori. Lakini mama alikuomba mara tatu, baba."

Mama alikuwa pembeni akimenya karanga. "Acha, mwanangu," alisema.

Sikuacha. Nilimwambia baba awatajie wageni jina la mdogo wangu. Aliinamisha kichwa. Wageni wakaanza kutafuta viatu vyao.